Kilo Zilezile, Maziwa Si Yaleyale

Hotuba kwa wapakiaji, wasafirishaji na wanafunzi, Shimanzi, Mombasa

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wetu mahamali mliokaa mstari wa mbele, shikamooni. Madereva na taniboi, wenye viwanda na wenye maduka, wanafunzi wetu wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, karibuni.

Nimeombwa nizungumze juu ya unga unavyovunjika. Mtu akisikia hivyo huuliza: unga si umeshasagwa, kimebaki nini cha kuvunja? Nitajibu kwa kuanzia kwenye mchele, maana mchele tunaujua sote. Ukienda soko la Kongowea ukakuta gunia limejaa chenga, hukubali bei ya mchele mzima. Kilo ni kilo, shamba ni lilelile, lakini ukiupika unapata wali bokoboko. Basi na maziwa ya unga yana chenga zake. Kahawa ya papo hapo ina chenga zake. Tofauti ni kwamba chenga za mchele unaziona kwenye ungo, na hizi nyingine huzioni mpaka mteja arudi dukani amekasirika.

Maziwa yanayouzwa kuwa ya papo hapo yametengenezwa kwa kazi kubwa. Maziwa huchemshwa yakapunguzwa maji, kisha hunyunyizwa kama ukungu ndani ya mnara wa hewa ya moto. Kila tone hukauka lingali hewani, likawa kitufe cha upana wa mikroni 50 au 80 hivi. Mikroni 1,000 ndizo milimita moja, kwa hiyo hapo tunasema juu ya kitu ambacho ni shida kukiona kwa macho kikiwa peke yake. Vitufe hivyo ukivitia majini vilivyo, vinaelea juu, vinashikana, nje vimelowa na ndani vikavu. Hayo ndiyo madonge. Ndiyo maana kiwanda huvirudisha vile vidogo mnarani, mahali ambapo matone yangali mabichi, ili vigongane na kugandana. Vinatoka vikiwa vichala vya mikroni 150, 200, hata 300, mfano wa kichala cha zabibu chenye nafasi kati ya punje na punje. Katika nafasi zile maji huvutwa kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Maziwa yasiyotolewa mafuta hupakwa pia lesithini kidogo, kitu kinachopatanisha mafuta na maji, kwa kuwa viwili hivyo havipatani.

Mnunuzi analipia kichala kile. Na viungio vya kichala ni vyembamba mno, ni kama gundi iliyokauka kati ya mipira miwili. Kikigongwa, kinaachana. Hakuna kilichomwagika na hakuna kilichoibwa. Ukipima kwenye mizani utakuta kilo zilezile.

Sasa niwaambie kilichonipata mimi.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda kimoja cha kupakia upya, sitakitaja jina. Tulikuwa tukipokea maziwa ya unga kwenye magunia ya karatasi ya kilo 25 kutoka kontena za Kilindini, tunayamimina kwenye pipa la chini, kipulizo kinayasukuma kwa bomba hadi pipa la juu, na kutoka huko yanashuka kwenye mashine ya pakiti. Ukaja msimu wa masika wenye mvua nzito, unyevu ukaingia kila mahali, bomba likaanza kuziba. Likiziba, kazi inasimama, vijana wanapanda na nyundo za mpira kuligonga. Fundi akafanya ambalo fundi yeyote angefanya: akaongeza hewa. Bomba likafunguka, na sote tukamshukuru.

Wiki tatu baadaye malalamiko yakaanza. Mwenye duka wa Likoni alisema pakiti hazijajaa. Tukapima, uzito ulikuwa sawasawa. Mwenye hoteli ya Mwembe Tayari alisema chai yake inatoka na madonge, wateja wanarudisha vikombe. Tukachukua cheti cha muuzaji wa ng'ambo, nacho kilikuwa safi. Basi ikabidi apatikane wa kulaumiwa, na waliokuwa karibu zaidi ni mahamali. Ilisemwa kwamba wanatupa magunia, wanakalia magunia, wanayakanyaga. Mimi ndiye niliyeandika ripoti hiyo na kuitia sahihi. Kwa ripoti yangu wanaume kumi na mmoja walikatwa ujira wa siku kadhaa.

Msimamizi wao alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Hakupiga kelele. Alikuja mlangoni mwa chumba changu cha vipimo, mabega yake yamejaa vumbi jeupe, akasema: "Binti yangu, sikukatazi kuandika. Lakini gunia nililolibeba mimi ulilifungua ukalipima kabla ya kulimwaga? Au umepima lililotoka kwenye mashine yako tu?"

Sikuwa nimelipima. Nikamwambia, "Hapana, mzee." Akasema, "Basi lipime, mama."

Nilichukua jagi la plastiki la lita moja, nikalijaza unga kutoka gunia lililobebwa begani, likapakiwa kwenye lori, likashushwa na kutupwa juu ya palati mbele ya macho yangu. Nikausawazisha mdomoni kwa rula bila kuutikisa. Gramu 470. Nikapanda juu nikachota kwenye pipa lililo juu ya mashine, jagi lilelile na rula ileile. Gramu 560: jagi lilelile limebeba unga mwingi zaidi, maana chenga hujaza nafasi kati ya vichala. Nilirudia mara nne nikidhani nimekosea. Kisha nikaenda bombani, nikahesabu viwiko, vile mafundi wa bomba huviita elbo. Vilikuwa vitano.

Hapo ndipo nilipolazimika kukaa chini na kujifunza, na niliyojifunza ndiyo niliyoyaleta leo.

Gunia likidondoka kutoka begani, tuseme mita moja na nusu, linafika sakafuni kwa kasi ya mita 5.4 kwa sekunde, karibu kilomita 20 kwa saa. Inasikika kubwa. Lakini ndani ya gunia chembe zote zinakwenda pamoja na kusimama pamoja, kila moja imeegemea jirani yake, na hewa iliyobanwa kati yake ni kama mto wa kulalia. Chache za pembeni zinaumia, nyingi zinasalimika. Ndani ya bomba la hewa mambo ni mengine. Pale unga umetawanywa, kila kichala kinaruka peke yake. Kasi ya kawaida ya mabomba hayo ni mita 15 hadi 30 kwa sekunde. Chukua mita 25: hiyo ni kilomita 90 kwa saa. Lori hapa Kenya sheria inalifunga kwenye 80. Sasa kichala hicho kinakwenda kasi kuliko lori la barabara kuu, kinafika kwenye kona ya chuma, na hakina breki.

Nishati ya mgongano haipandi sawasawa na kasi. Ukiongeza kasi maradufu, nishati inakuwa mara nne. Fundi wetu aliitoa mita 18 akaipeleka 25, na mtu akisikia 18 na 25 haoni tofauti kubwa, ila nishati ya kila kichala kugonga kona ilikuwa imekaribia maradufu. Na kuna jambo lililonikosesha usingizi nilipolielewa: hewa inapokwenda ndani ya bomba hupoteza shinikizo, na ikipoteza shinikizo hupanuka, na ikipanuka lazima iende kasi zaidi. Mkiusukuma unga kwa shinikizo maradufu ya hewa ya kawaida, kufikia mwisho wa bomba kasi imekuwa maradufu ya ile ya mwanzoni, kama upana wa bomba haukubadilika. Kwa hiyo kona ya mwisho, ile iliyo juu kabisa ambako hakuna anayepanda kutazama, ndiyo inayovunja kuliko zote. Sisi tulikuwa tukisoma kasi mwanzoni, chini, karibu na kipulizo.

Mahamali walikuwa wamelaumiwa kwa kazi ya kiwiko cha tano.

Kuna wanaobishana kuhusu umbo la kona, ndefu au fupi. Sikatai kwamba lina maana, lakini kwa niliyoyaona naweka mbele idadi ya kona na kasi. Ipo pia njia ya kusukuma unga kwa mafungu mazito, hewa kidogo, chini ya mita 8 kwa sekunde, unga ukitambaa ndani ya bomba kama maji mazito ya mtoni. Inataka mtambo wa bei. Sisi hatukuwa na fedha hizo, tukafanya tuliloweza: tuliondoa viwiko viwili kwa kuhamisha pipa, tukapanua kipande cha mwisho cha bomba ili hewa ipate nafasi, tukaziba mahali ambapo unyevu ulikuwa ukiingilia, na hewa ikarudishwa chini. Jagi la juu likashuka hadi karibu 490.

Wanafunzi, nawaomba mlishike hili. Mwaka 1920 mhandisi Mwingereza, A. A. Griffith, alionyesha kwa kioo kwamba kitu kigumu huvunjika kutokea kwenye ufa mdogo ambao tayari umo ndani yake. Chembe kubwa ina nafasi zaidi ya kuwa na ufa mbaya, chembe ndogo ina nafasi kidogo, hivyo ndogo ni ngumu zaidi kuvunja. Ndiyo maana kuvunjika hutokea kwa wingi mwanzoni, kisha kunapungua kadiri vichala dhaifu vinavyokwisha. Ukipima mwisho wa safari peke yake utajua umevunjikiwa, usijue wapi. Na ukimpelekea unga uliokwisha kuvunjika mtu mwenye bomba baya, bomba lake litaonekana halina kosa, kwa sababu ulimtangulia.

Nirudi kwenye jagi, maana hapo ndipo maisha ya watu yalipo. Pakiti ya gramu 500 ya maziwa yenye gramu 450 kwa lita hujaza zaidi kidogo ya lita moja. Yakivunjika yakawa gramu 550 kwa lita, yanajaza kama mililita 910. Karibu moja ya tano ya ukubwa imekwenda, na mwenye duka wa Likoni hakuwa mwongo. Chenga zimeingia katika nafasi za vichala, kama mchanga kwenye kokoto.

Kwa chai hilo ni hasara na aibu. Kwa mtoto mchanga ni jambo jingine kabisa. Maziwa ya watoto hupimwa kwa kijiko, na makopo mengi huandikwa kijiko kimoja kilichosawazishwa kwa mililita 30 za maji. Kijiko kinapima ujazo. Mama akiwa pale Mtongwe usiku, taa hafifu, mtoto analia, anasawazisha kijiko vizuri kama alivyofundishwa kliniki, hana namna ya kujua kwamba kijiko chake leo kimebeba gramu zaidi ya zile alizokusudiwa. Maziwa mazito kupita kiasi hulemea figo za mtoto na kumkausha maji. Maziwa ya mama ndiyo bora, na kwa miezi 6 ya mwanzo yanatosha peke yake. Lakini wapo watoto wasioweza kuyapata, na hao wanategemea mtu wasiyemjua, aliyesimama kando ya kipulizo, asiguse ile valvu ovyo. Kila nikiona mtu anaongeza hewa bila kuandika kwenye daftari, nafikiria kijiko kile. Mnisamehe nikipandisha sauti.

Mlionikaribisha mliniomba niguse usalama. Chenga ni vumbi, na vumbi la chakula linawaka. Sukari, unga wa ngano, maziwa, wanga wa mahindi: vyote vikiwa laini vya kutosha, vikaelea hewani ndani ya chumba, vinasubiri cheche. Februari 7, 2008, katika kiwanda cha Imperial Sugar mjini Port Wentworth, jimbo la Georgia nchini Marekani, vumbi la sukari lililipuka ndani ya kifuniko cha ukanda wa kubebea. Mlipuko huo wa kwanza ulilitikisa jengo, ukaliangusha vumbi lililokuwa limetanda kwenye boriti na sakafu, na vumbi hilo nalo likalipuka chumba hadi chumba. Watu 14 walikufa. Kwetu, baada ya hewa kuongezwa, boriti za juu zilikuwa nyeupe. Niliziona kila asubuhi, nikadhani ni uchafu wa kuagiza ufagio.

Sasa, hali yetu ya pwani. Sukari ya maziwa, laktosi, ndani ya unga huwa kama kioo. Ikiwa kavu kabisa, hailainiki mpaka ifike joto la nyuzi 100 hivi. Ikipata unyevu, joto hilo la kulainika linashuka, linashuka, hadi linakutana na joto la kawaida la ghala la Shimanzi mchana wa Februari. Hapo chembe zinanata. Ndiyo sababu viwango vya kimataifa vya chakula, vya Codex, vinataka maji yasizidi asilimia 5 katika maziwa ya unga. Chenga zina uso mwingi zaidi wa kunywa unyevu kuliko kichala kizima, kwa hiyo unga uliovunjwa Mombasa unaganda upesi kuliko mzima. Tena kichala cha maziwa yenye mafuta kikipasuka, mafuta yaliyokuwa yamefunikwa yanakutana na hewa, na ladha inaanza kuchacha kabla ya tarehe iliyopigwa chapa. Kwa hiyo mnaona tulivyobanwa: unga mkavu sana ni mwepesi kuvunjika, wenye unyevu unanata na kuziba bomba, na bomba likiziba mkono unakwenda kwenye valvu.

Madereva, sijawasahau. Njia ya Nairobi ni kilomita kama 480, kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,700 hivi. Hewa ya huko juu ina shinikizo pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano, kwa hiyo pakiti iliyofungwa hapa ikiwa na hewa nyingi ndani inavimba njiani, na mshono dhaifu unaachia. Hilo si kosa la dereva, ni la aliyefunga. Linalowahusu ni mtikisiko. Nani hajamwona mama akipepeta mchele? Ungo ukitikiswa, chenga zinajitenga na punje nzima. Gunia lililokaa kwenye lori saa nane au kumi linatikiswa vivyo hivyo, chenga zinapenya kwenda chini, vichala vinabaki juu. Ukichota juu ukapima, utasema mzigo ni mzima. Ukichota chini, utasema umeharibika. Wote wawili mmechota gunia moja. Kwa hiyo sampuli ichotwe juu, katikati na chini, ikachanganywe, ndipo ipimwe.

Mji huu unaijua bei ya ukubwa wa chembe kuliko miji mingi. Mnada wa chai umekuwa hapa tangu 1969, na mtoto wa dalali anajua kwamba BP1, PF1 na Dust, aina za chai kwa ukubwa wa chembe, zimetoka kwenye jani moja, zikatenganishwa kwa chekeche, kila moja na bei yake. Katika chai hata vumbi lina mnunuzi wake. Maziwa yakishakuwa vumbi hayana daraja la pili la kuuzwa. Yanaingia kwenye pakiti ileile, kwa jina lilelile na bei ileile, na anayekosa ni yule wa mwisho.

Ninachoomba hakihitaji mtambo. Mikataba yetu ya uchukuzi na upakiaji inaandika kilo na tarehe. Iandike pia gramu kwa lita, wakati wa kupokea na wakati wa kukabidhi, kwa jagi moja lililokubaliwa na pande zote. Wenye uwezo waongeze chekeche la matundu ya mikroni 100 waone kinachopita. Na kipimo cha tatu mnaweza kukifanya jikoni: bilauri ya maji ya joto, kijiko cha maziwa juu yake, usikoroge, hesabu. Maziwa mema ya papo hapo hutarajiwa kuzama yote katika sekunde 15 hivi. Ya kwetu ya msimu ule nilihesabu hadi 90 yakiwa bado yanaelea kama kisiwa, na chini yake maji yako wazi unaona meza.

Na kabla ya kuandika jina la mtu kwenye ripoti, pimeni pande zote mbili za mlango wake. Wale wanaume kumi na mmoja walirudishiwa fedha zao baada ya miezi miwili. Nilikwenda mwenyewe na barua ya kuifuta ile ya kwanza, nikaisoma mbele yao kwenye kivuli cha mwembe nje ya lango, na yule mzee akaniomba niisome tena polepole, kwa sababu wawili kati yao walikuwa hawakusikia.

Jagi liko hapa mezani, na rula, na mizani. Nimeona baadhi yenu mmekuja na pakiti zenu. Tuanze na ya mzee hapa mbele.